Maharagi ya parseli (kiwanja ya nyumbani): kuvuna, kukausha, kutunza na kupika (uzi mrefu, mulete na yenu)

mama_kyeshero

Bandugu na badada, nafungua huu uzi juu sezo B (ile ya kuvuna mwezi wa sita na wa saba) iko naisha na kila mwaka inakuwaka ile ile: watu wanavuna muzuri, wanajaza masaki, alafu kufika mwezi wa kumi wanaanza kulia, mwenye maharagi yake imetobolewa yote imebaki unga tupu, na mwenye yake iko mingi lakini inakataa kuiva, unawasha mbabula asubui na saa kumi bado unatafuna mawe. Mi nasema hivi, na mwenye atabisha abishe: hayo mambo yote mbili haianzake kwa moto, inaanzaka kwa zile siku chache kati ya kungoa na kufunga saki. Ukiharibu pale, hata upike na makala ya kartye nzima.

Siongelee mashamba ya Masisi ao Rutshuru, kule udongo iko. Naongelea parseli ya Goma, mawe ya volkano, udongo kidogo wenye ulibeba na saki ukamwaga kati ya mawe. Juu ya ile mi napandaka ile ya kupanda juu ya miti, apana ile mafupi. Fasi ni kidogo lakini juu haiko na mupaka, unaweka matete ao fimbo ya eukaliptusi ya mita mbili na kitu, na zingine zinapanda kwa kibambazi ya lupango yenyewe, jirani anakulaka zake za upande wake na sisemi kitu.

Sasa kuvuna. Ile mafupi inakaukaka pamoja, unangoa yote siku moja. Ile ya miti apana, inaanza kukauka chini inaendelea kwenda juu, donk unapitia mara na mara, unachuma maganda yenye yamekuwa rangi ya majani makavu na ukitikisa unasikia mbegu inacheza ndani. Ukiminya mbegu na kucha na kucha ikaingia, iache bado. Lakini usingoje eti mupaka yote ikauke kabisa kule kule kwa miti ndiyo uvune mara moja, kuna batu banafanyaka vile juu ya uvivu, ni pale njo fukusi, ule mududu wa kutoboa maharagi, anakuya kuweka mayai. Na maganda inapasuka yenyewe, mbegu inaangukia kwa mawe, kuokota ni kazi ya watoto na watoto wenyewe wako masomo.

Chuma asubui na mapema, umande ukiwa bado, maganda inakuwa laini kidogo haipasuke mukononi. Alafu tandika bashi. Apana udongo mutupu, udongo inarudisha maji kwa maharagi, na mavi ya kuku mi siongei. Jioni unakunja bashi unaingiza ndani, kesho unatoa. Maganda ikianza kulia yenyewe kwa jua, piga na fimbo, taratibu, ukipiga kama mwenye kuwa na deni la mutu mbegu inapasuka kati na maharagi yenye kupasuka haitunzike. Lungo, upepo, toa takataka, toa yenye kukunjana, yenye madoa meusi, yenye kupasuka. Hizo za kupasuka usitupe, njo unapika ile wiki.

NA HAIJAISHA. Hapa njo wengi wanafunga saki. Ile mbegu yenye umetoka kupiga iko na maji bado, unairudisha kwa bashi siku mbili tatu, unaigeuza na mukono. Ile ya kula unaweza kuianika hata juu ya tole (bati), moto ya tole inaua na tudogo twenye tumejificha ndani. Ile ya mbegu apana tole, itaunguza roho ya mbegu, utapanda na haitaota.

Haya, nani mwingine?

---

papa_himbi

Mama aksanti, umeongea vizuri. Mimi naongeza kitu kimoja tu: MAJIVU. Wazee wetu hawakukuwa na saki za plastiki wala prodwi, walichukua majivu ya kuni, yaliyopoa, wakachekecha, wakachanganya na maharagi ndani ya chungu ao kitunga kilichopakwa, na mwaka ulipita. Watu siku hizi wanaweka majivu kiganja kimoja kwa saki nzima alafu wanasema majivu haifanyi kazi. Majivu inatakiwa kujaza nafasi zote kati ya mbegu na mbegu, fukusi asipate fasi ya kutembea, na inamukwaruza ngozi anakauka. Ni mingi, ndiyo. Siku ya kupika unaosha tu.

Na majivu ya makala ya mbabula haina ubaya, lakini toa kwanza misumari na mifuniko ya soda, tunajuana.

---

agro_kabare

Salama wote. Mi niko upande wa Bukavu, kazi yangu ni mambo ya mashamba, wacha nieleze kwa nini mama_kyeshero ana haki.

Huyu fukusi wa maharagi wa kwetu wa milima anaanzia shambani. Anaruka, anatafuta ganda lililoanza kukauka, anaweka mayai ndani. Ukivuna umeshamubeba, humuoni. Mtoto wake anatoboa anaingia ndani ya mbegu anakula kule kule, na siku unaona tundu la duara ni siku anatoka, si siku anaingia. Kwa joto mzunguko wote ni kama mwezi, kwa baridi yetu inachukua zaidi. Njo maana mtu anafunga saki mwezi wa saba, anaiangalia mwezi wa nane iko safi anafurahi, mwezi wa kumi anakuta unga. Haikuingia kitu, ilikuwa ndani.

Kitu cha pili, unyevu. Maharagi ya kutunza inatakiwa kushuka mpaka asilimia 13 hivi ya maji. Nani ana kipimo nyumbani? Hakuna. Fanya hivi: chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, weka chumvi kavu kidogo chini, weka maharagi mpaka kama robo ya chupa, funga, tikisa vizuri dakika moja, acha ikae robo saa. Chumvi ikishika kwa kioo, maharagi ingali na maji zaidi ya 15, rudisha kwa jua. Chumvi ikianguka chini yote, umefika chini ya 15, ongeza siku moja ya jua kwa usalama alafu funga. Chumvi yenyewe ikiwa na maji jaribio ni bure, ikaange kwanza kidogo.

Sezo A na sezo B si sawa. Sezo A tunapanda mwezi wa tisa, tunavuna mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, jua haiaminiki, unatandika bashi mvua inakuona. Sezo B unapanda mwezi wa pili ao wa tatu, unavuna wa sita na wa saba, kiangazi imeingia. Donk mi nashauri watu: ya sezo A kula mabichi kadiri unaweza, uza, gawa, toa mbegu ya sezo B basi. Ya kukaa mwaka ni ya sezo B.

Ya kufungia: fukusi anapumua. Ukimufungia pasipo hewa anamaliza ile kidogo yenye imebaki, anaacha kula, anakufa. Njo kazi ya zile saki zinaitwa PICS, plastiki mbili ndani na saki ya kawaida inje, zilianza na kunde kule Kameruni miaka ya 1980 pamoja na chuo kikuu cha Purdue cha Marekani. Unajaza, unasukuma hewa yote, unafunga plastiki ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, alafu saki. Panya akitoboa tu umerudi kwa saki ya kawaida, kwa hiyo weka juu ya mbao mbali na ukuta.

Kwa parseli ndogo huhitaji PICS. Bido ya njano ya litre 20 inatosha, inabeba karibu kilo 15. Bido ya mafuta ya ngazi ioshe na sabuni na maji moto, ikauke SIKU KADHAA kichwa chini, bido ya mazutu usijaribu. Jaza mpaka shingoni, gonga gonga ishuke, jaza tena, weka kipande cha plastiki juu ya mdomo ndiyo ufunge kifuniko. Alafu usifungue mwezi mzima. Kila siku ukifungua kuchota gobeleti moja unamupa fukusi pumzi. Fanya bido kubwa za akiba na bido ndogo moja ya kula.

Maharagi mbichi ndani ya bido iliyofungwa vile ni kama mtoto mwenye homa umemufunika blanketi tatu, itapata joto yenyewe, itaoza, itanuka. Jaribio la chumvi kwanza.

---

fils_du_volcan

bakubwa mi naishi chumba moja Katindo sina parseli sina bido 😅 nanunua gigozi (mukebe wa kupimia) moja moja pale soko Virunga, swali langu ni: kwa nini sufuria moja nusu imekuwa uji na nusu bado mawe?? na mama muuzaji ananiapia ni mupya yote

---

tantine_bagira

Leki, mama anakuapia juu ni mtaji yake 😂 Mupya na ya mwaka jana ilichanganywa, njo jibu. Angalia hivi: ile mupya inang'aa, rangi yake inaonekana vizuri, nyeupe ni nyeupe, nyekundu ni nyekundu. Ya zamani imekuwa giza, imezimika, ngozi inakunjana kidogo, ile ya rangi ya krimu inakuwa ya kahawia. Ukiona rangi mbili ya aina moja ndani ya gigozi, uliza bei ingine. Alafu kwetu Kivu watu wanapandaka michanganyiko, aina tano sita shamba moja, ile haina ubaya sana, lakini aina na aina haiivi pamoja, donk usishangae.

Ile maharagi yenye ilikaa fasi ya joto na ya unyevu ngozi na nyama yake inafungana, maji haiingie. Haina dawa ya kuirudisha kabisa lakini iko namna ya kuifanyia. Sikia tantine wako:

Usiku, chambua, osha, loweka ndani ya maji mingi. Tia chumvi, kijiko kikubwa kwa litre moja ya maji. Najua, najua, nyumbani walituambia chumvi inakazisha maharagi. Kwa kulowesha apana, inalainisha ngozi. Asubui mwaga ile maji yote, osha, tia maji mupya. Kumwaga ile maji kunapunguza na ile gazi ya tumbo, mwenye analala chumba moja na wenzake atanishukuru.

Moto mukali kwanza, ichemke kabisa kabisa dakika kumi ao zaidi, ile nyekundu kubwa hasa. Maharagi mabichi ama yenye kuiva nusu iko na sumu yake, inakupa kutapika na kuharisha, na kuiweka kwa moto kidogo tu bila kuchemka haiondoe. Nyuma ya pale punguza makala, funika, acha ijiendee. Maji ikipungua ongeza ya moto, usimwagie ya baridi.

Tomati, ndimu, vyote vya uchungu-uchungu: NYUMA. Maharagi ikisha kuwa laini mukononi njo unatia tomati. Ukitia mbele unaikazisha mwenyewe. Batu banapenda kulaumu maharagi kumbe ni tomati yao.

Bikarbonate: ndiyo inaharakisha, katone kadogo tu kwa ncha ya kijiko wakati maharagi ni ya zamani sana. Ukizidisha inakuwa na ladha ya sabuni, inakuwa uji, na inaua vitamini. Mi kwa ya sezo mupya sitie kitu.

Na mukumbuke tuko juu. Goma na Bukavu tuko kama mita 1500, maji inachemka kwa digri 95 hivi apana 100, njo maana mwenye alitoka Kinshasa anashangaa maharagi ya huku inachukua siku. Mwenye anaweza kupata kokoti ya prezyo, anunue, hata ya pamoja na dada yake. Maharagi ya kulowekwa ni nusu saa na kidogo, hesabu makala yenye umebakisha.

Mwenye hana kokoti: chemsha nusu saa moto mukali, toa sufuria na kifuniko chake, ingiza ndani ya kitunga yenye mablanketi ya zamani, funika pande zote, nenda kazini. Ukirudi saa nane imeiva ao imebakisha kidogo tu. Kitunga ya mablanketi haikuli makala.

Mboga sasa. Mafuta ya ngazi, kitunguru mingi, sereri, pwaro, puavro kidogo, tomati mwisho, pilipili nzima juu bila kuipasua. Mwenye anapenda anaongeza sambaza kavu za ziwa letu zenye zilikaangwa pembeni. Na bugali, ao bitoke, ao mateke. Kesho yake asubui ile yenye ilibaki iko tamu kupita jana, na mwenye atasema hapana siyo mtu wa Bukavu.

---

lushoise_kamalondo

Muraho ba Kivu 😄 huku L'shi (Lubumbashi) tunasema mahalagi na bukari ni maisha. Kwetu mvua ni moja tu, inaanza mwezi wa kumi na moja hivi mpaka wa ine, donk tunapanda ile mafupi mvua ikiwa inaelekea kuisha, tunavuna kiangazi ikiwa imeingia, kukausha haitusumbuake kama ninyi. Kitu yetu ni joto ya mwezi wa tisa na wa kumi, ile tole inawaka na fukusi anafanya fete.

Jirani wangu anatiaka tule tutembe twa kijivu ndani ya saki, unafunga na siku tatu yote imekufa. Ni muzuri ao?

---

agro_kabare

Mama, samahani kwa kukatiza lakini hii niandike kwa herufi kubwa: TULE TUTEMBE SI TWA NYUMBANI. Ile dawa ikikutana na unyevu wa hewa inatoa gazi, na ile gazi haiui fukusi tu. Inatembea chini ya mlango, inapita kwa tundu la ukuta, inaingia chumba watoto wanalala. Ni ya madepo yenye kufungwa, watu wenye kufundishwa, na vifaa vya kufunika pua. Mtu mwenye saki mbili chini ya kitanda hana sababu yoyote ya kuigusa. Sokoni zinauzwa moja moja bila karatasi ya maelezo na hiyo ndiyo shida. Mwambie jirani aitoe inje leo, na saki asiifungulie ndani ya nyumba.

Mwenye anataka kitu cha kutia: majivu ya papa_himbi, ao mafuta ya kupikia, kijiko kidogo kwa kilo moja, unapaka maharagi yote vizuri, mayai ya fukusi hayatoki. Mafuta ina kasoro, nyuma ya miezi inaanza kunuka zamani, kwa hiyo ni ya kula mapema. Mwenye ana frigo ya kugandisha yenye umeme haikatike, siku nne tano ndani ya barafu inaua yote, mayai na watu wazima, alafu iache irudi joto ya nyumba ndani ya mufuko wake bado umefungwa, ukifungua baridi inatoa jasho.

Na kitu ambacho hakina bei: geuza. Mtoto wa fukusi akitoka kwa yai anahitaji kujisukuma kati ya mbegu mbili ili atoboe. Ukiviringisha bido yenye haijajaa, mbegu zipate fasi ya kugeuka, asubui, mchana na jioni anapoteza fasi yake kila mara, anachoka anakufa mbele hajaingia. Watoto wa nyumbani wanafurahi na hiyo kazi, siku mbili za kwanza.

---

papa_himbi

Hiyo ya kuviringisha sijaisikia kabisa na nina mvi. Lakini majivu yangu hainichoshi mgongo.

---

mama_kyeshero

Papa unapenda majivu kuliko maharagi yenyewe 😂

Nirudi kwa mbegu juu watu wananiuliza inbox. Mbegu haitokeake kwa saki ya kula. Ukiwa bado shambani, mimea ingali mibichi, zunguka, fungia kitambaa kwa ile yenye afya, yenye maganda mingi, majani haina madoa. Ile yenye maganda iko na mashimo meusi meusi usichukue hata kama mbegu yake inaonekana nene, ule ugonjwa unaingiaka ndani ya mbegu na unapanda nao mwaka kesho. Maharagi inajizalisha yenyewe ndani ya ua lake, donk ile aina unapanda njo unavuna, haiharibike kama mahindi, unaweza kubaki na mbegu ya bibi yako. Kausha kwa kivuli chenye upepo, chupa ya plastiki ya maji, jaza mpaka juu, funga, andika jina na sezo. Mi ya sezo B natunzaka mpaka mwezi wa tisa bila shida.

Na kuna ile maharagi yenye feri (madini ya chuma) mingi, INERA ya Mulungu, wale wa utafiti wa kilimo, walifanya na HarvestPlus, programu ya kuongeza lishe ndani ya mimea, kama unapata mbegu yake fasi yenye kueleweka, panda upande moja. Kwa wamama wenye mimba na watoto iko muzuri, lakini usimumiminie chai juu ya ile ile sahani, chai inazuia damu kuchukua ile feri. Ndimu ao machungwa nyuma ya chakula njo inasaidia.

Ah na mizizi: ukimaliza kuchuma ile ya miti, kata shina chini, acha mizizi ndani ya udongo. Udongo yetu tulibeba na saki, tusiitupe.

---

fils_du_volcan

tantine nililoweka na chumvi, imeiva yote pamoja, wenzangu wa chumba wanakusalimia 🙏🏾 sasa mwenye nyumba amenipa kakona kadogo nyuma ya choo ya inje, nimeleta masaki matatu ya udongo. naweza kupanda pale? na ile mushogoro (mboga ya majani ya maharagi), naweza kuchuma majani na bado nipate maharagi?

---

tantine_bagira

Panda, leki, lakini masaki yawe mbali na maji ya choo, na uyatoboe chini maji ipite. Mbegu tatu ine kwa saki, fimbo ndefu kati.

Mushogoro: majani machanga ya juu, mawili matatu kwa kila mti, mbele haijatoa maua. Ikisha kutoa maua achana nayo, kila jani unatoa ni ganda unapunguza. Pika vizuri na mafuta ya ngazi na kitunguru, na unga wa karanga kama mfuko unaruhusu.

---

agro_kabare

Kwa Katindo panda mvua ya mwezi wa tisa ikishashika vizuri, si ile ya kwanza ya uongo. Mbegu muombe mama_kyeshero.

---

mama_kyeshero

Akuje na chupa yake.